Posho ya Kala

Katika maandiko ya Wabudha yumo kijana aliyelipwa posho ya kikao yapata miaka 2,500 iliyopita. Jina lake ni Kala, na baba yake ni Anathapindika, tajiri wa mji wa Savatthi huko kaskazini mwa India, mfadhili mkuu wa Buddha na watawa wake. Baba alikuwa ametoa mali nyingi kununua bustani na kujenga humo makao ya watawa, lakini mwanawe hakutaka kukanyaga pale, wala kusikiliza mafundisho, wala kuwahudumia wageni wa baba yake. Tajiri akatafakari, akaona kwamba kama maneno yameshindwa, fedha huenda zisishindwe. Akamwahidi kijana sarafu 100 endapo angeishika siku ya mfungo na kulala huko makaoni.

Kala akaenda. Akatafuta pahali pazuri, akalala usingizi mpaka asubuhi, akarudi nyumbani bila kusikia neno lolote. Baba akaagiza aletewe uji upesi, mtoto ametoka kufunga. Kala akakataa kuugusa uji mpaka apewe kwanza fedha zake. Akapewa, ndipo akala.

Msomaji aliyewahi kukaa katika ukumbi wowote wa halmashauri yetu, tangu saa tatu asubuhi hadi karatasi ya mahudhurio inapozungushwa, atamtambua kijana huyu bila kutajiwa jina. Lakini kisa hakikuishia hapo, na ndiyo sababu naona kinafaa kuletwa kwenye ukurasa huu. Tajiri akapandisha dau: sarafu 1,000, kwa sharti kwamba safari hii Kala asimame mbele ya Buddha mwenyewe, ajifunze ubeti mmoja tu wa mafundisho, na akirudi aweze kuusema. Kijana akaona ni kazi nyepesi. Buddha, kwa mujibu wa wasimulizi, akafanya ubeti usimkae kichwani. Kala akaukosa, akajisemea ataushika unaofuata, nao ukamponyoka, akatega sikio kwa unaofuata tena. Katika kule kutega sikio kwa ajili ya fedha, akaelewa. Wabudha husema alifikia hatua ya kuingia mkondoni, yaani hatua ya kwanza ambayo aliyeifikia harudi nyuma. Siku iliyofuata akafuatana na Buddha na watawa hadi nyumbani kwao, na njia nzima alikuwa akiomba moyoni kwamba baba asimkabidhi zile fedha mbele ya mwalimu. Baba akazileta palepale. Kijana akakataa kuzipokea.

Wanaotaka kukisoma wenyewe watakikuta katika ufafanuzi wa kale wa Dhammapada, pale unapoelezwa ubeti wa 178.

Nchini kwetu mjadala wa posho ni wa zamani na umechosha. Mwaka 2011 tulimsikia Zitto Kabwe, akiwa mbunge, akitangaza kukataa posho ya vikao vya Bunge, na kwa wiki kadhaa nchi ikagawanyika kati ya waliomwona shujaa na waliomwona mtafuta sifa. Angalia jinsi swali lilivyogeuka haraka: badala ya kuuliza kama posho ile ilikuwa halali, tukauliza kama nia ya anayeikataa ilikuwa safi. Mwishoni mwa 2015 serikali mpya ikabana safari, semina na sherehe. Wengi walishangilia, na wengi wa walioshangilia walikuwa watumishi ambao kwa miaka mingi walijenga nyumba kwa fedha za semina. Tangu wakati huo semina zimerudi, karatasi za mahudhurio zimerudi, na wanafunzi wangu wanaofanya mafunzo kwa vitendo katika asasi za kiraia huniletea swali lilelile kila mwaka: Je, mwalimu, kuna faida gani kumfundisha mtu ambaye amekuja kwa ajili ya nauli na soda?

Niseme wazi kwamba mimi si Mbudha. Nimezaliwa Chunyu, nikalelewa katika nyumba ya Kiislamu, na kama watoto wengine wa Kusini nimejifunza mapema kwamba matendo hupimwa kwa nia. Hadithi hiyo ya Mtume ndiyo inayofungua mkusanyiko wa Bukhari, na sijui msikiti wa Ruangwa au Nachingwea ambao haijasomwa. Ubudha niliufikia kwa njia ya vitabu, kwa sababu ya somo la maadili ninalolifundisha, na baadaye kwa miguu, kwa kuwa hekalu la Wabudha lipo Upanga, Dar es Salaam, tangu enzi za Waingereza. Lilianzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Wapo Watanzania wengi wanaopita barabara ile kila siku bila kujua kwamba nyuma ya ukuta ule umo mti wa bodhi, wa jamii ya ule ambao Buddha anasimuliwa kuketi chini yake. Nilipowapeleka wanafunzi wangu kwa mara ya kwanza, mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna chakula baada ya ziara. Kilikuwapo, na hakuna aliyeondoka mapema.

Kisa cha pili ni kikali zaidi. Nanda, ndugu wa Buddha kwa baba, aliingia utawa karibu na siku ya harusi yake, na moyo wake ukabaki kwa mchumba. Akataka kuacha. Buddha hakumhubiria juu ya ubaya wa tamaa. Alimchukua, wasema wasimulizi, hadi mbingu ya miungu 33, akamwonyesha malaika wa kike 500 wenye uzuri usio kifani, akamwahidi kwamba akidumu katika utawa atawapata. Nanda akarudi akifanya ibada kwa bidii isiyo ya kawaida. Watawa wenzake walipopata habari ya ahadi ile wakaanza kumwita kibarua. Neno la Kipali wanalolitumia maandiko lina maana hiyohiyo: mtu wa ujira, aliyenunuliwa. Nanda akaona haya, akajitenga, akaikazania kazi yenyewe, na akafikia ukombozi kamili. Ndipo akaenda kwa Buddha kumweleza kwamba anamwondolea deni la ile ahadi.

Msomaji Mwislamu hapa atamkumbuka yule mtu ambaye wafafanuzi wa hadithi ya nia wanamwita mhajiri wa Umm Qays, aliyehama kwenda Madina kwa ajili ya kuoa mwanamke. Hadithi inamwachia kile alichokihamia, wala haimpi zaidi. Lakini atamkumbuka pia Abu Talha, ambaye Umm Sulaym alimkatalia mahari yoyote isipokuwa Uislamu. Alisilimu ili aoe. Akaja kuwa miongoni mwa masahaba wakubwa, na hakuna anayemhesabu leo kuwa ni mchumba aliyejipenyeza. Nawataja wawili hawa pamoja kwa makusudi, kwa sababu ndani ya mapokeo yetu wenyewe swali halikufungwa kwa sentensi moja, kama wahubiri wetu wa redioni wanavyotaka tuamini. Kila mmoja aliingia akimfuata mwanamke, na hesabu zao zikatofautiana.

Mtu anaweza kuniambia kwamba visa hivi vinaipendelea hoja ya walipaji. Si hivyo. Ubudha ni miongoni mwa mafundisho makali kuliko yote kuhusu nia: kitendo chenyewe, wanachokiita kamma, kinafafanuliwa na Buddha kuwa ni kusudio. Anayetoa sadaka ili asifiwe amefanya kitendo kingine, tofauti na cha anayetoa kwa huruma, hata kama bakuli la wali ni lilelile. Na maandiko hayakuficha mfano wa kinyume. Devadatta, ndugu wa ukoo wa Buddha, aliingia utawa uleule, akasikiliza mafundisho yaleyale, hata akapata uwezo wa ajabu kwa mazoezi yake. Akapendwa na mwanamfalme, akaletewa vyakula kwa magari, na moyoni mwake ikaota tamaa ya kuongoza jumuiya yote. Alipoomba akabidhiwe na akakataliwa, alifanya jambo ambalo kila mwanasiasa anapaswa kulisoma mara mbili: alidai kanuni kali zaidi. Watawa waishi porini maisha yao yote, wasipokee mialiko, wavae matambara tu, walale chini ya miti, wasile samaki wala nyama. Aliyetaka madaraka alijitokeza akiwa msafi kuliko mwalimu, na vijana mia kadhaa wakamfuata.

Basi Kala na Nanda walianza vibaya wakaishia vema. Devadatta akaishia pabaya, na silaha yake ilikuwa usafi. Kama tungepewa majina matatu haya siku walipokuwa wakiingia langoni, na kalamu ya kuandika maksi mbele ya nia zao, naamini Devadatta angeongoza darasa.

Kitu gani kiliwatenganisha? Nimelifikiria swali hili kwa muda, na jibu ninaloliona linaanza na tofauti kati ya sarafu 100 na sarafu 1,000. Fedha ya kwanza ilinunua mahudhurio. Kala alihudhuria, akalala, akalipwa; mkataba ulitimizwa na hakuna kilichotokea ndani yake. Fedha ya pili ilinunua kazi yenyewe. Asingeweza kuipata bila kusikiliza, na kusikiliza ndiko kulikokuwa na nguvu ya kumbadilisha. Vivyo hivyo Nanda: Buddha hakumlipa kwa kuvaa joho la utawa, alimwahidi kwa sharti la kudumu katika mazoezi, na mazoezi yale ndiyo yaliyomla tamaa yake kidogokidogo. Katika visa vyote viwili nia mbaya ilitumika kama chambo cha kumfikisha mtu kwenye kitu ambacho kina uwezo wa kumgeuza. Pasipo kitu hicho, chambo ni chambo tu, na samaki tumeshaona anavyokula na kwenda zake.

Mjomba wangu alinipa mfano wake mwenyewe mwaka juzi, tukiwa tumekaa chini ya mkorosho wake, na wala hajawahi kusikia habari za Savatthi. Wanaojua kilimo chetu wanajua kwamba adui wa mkorosho wakati wa kuchanua ni ubwiri unga, na dawa iliyozoeleka ni salfa ya unga, inayopulizwa kwa mashine alfajiri kabla upepo haujaamka. Ukipuliza saa nne asubuhi unailisha salfa anga ya kijiji kizima. Mjomba alihudhuria semina mbili za salfa. Ya kwanza ilifanyika makao makuu ya wilaya, ukumbini, kwa picha za ukutani.

"Mjomba," akaniambia (maana mjomba na mpwa kwetu huitana hivyo), "tulipewa elfu kumi, soda, na daftari. Daftari nikampa mjukuu wa darasa la tatu. Soda ilikuwa ya moto."

Ya pili ililetwa na bwana shamba kijana, shambani, saa kumi na moja alfajiri. Posho ilikuwepo, ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini aliyeitaka ilimbidi avae mashine mgongoni, apime salfa mwenyewe, apulize miti mitatu, na amweleze mwenzake kwa nini amesimama upande ule wa upepo. Watu walinung'unika. Baadhi waliondoka, wakisema hawakuja kufanyishwa kibarua. Mjomba hakuondoka, kwa sababu alikuwa anadaiwa dukani; hakunificha. Nilipomuuliza alijifunza nini, hakunijibu kwa maneno. Alinionyesha upande wa shamba wenye mikorosho aliyoipulizia yeye, kisha akanionyesha miti ya jirani mmoja, kisha akacheka kicheko cha majivuno ambacho si cha mtu aliyekwenda kwa ajili ya posho. Sidai kwamba wote waliobaki asubuhi ile walitoka hivyo. Wapo waliopuliza miti mitatu, wakachukua fedha, na mpaka leo wanapuliza saa nne.

Jambo la pili lililomo katika visa vile vya India, na ambalo nadhani tumelipoteza, ni haya. Kala alitamani asilipwe mbele ya mwalimu. Nanda aliungua aliposikia ameitwa kibarua. Wabudha huihesabu haya kuwa mlinzi wa dunia, nao hawasemi hivyo kwa mzaha. Nia chafu huweza kutakasika pale tu ambapo mwenyewe bado anaijua kuwa ni chafu. Ukumbi wa semina umeiua haya hiyo kwa njia ya kitaalamu kabisa: kila mtu analipwa, kila mtu anasaini, mkurugenzi naye anasaini, mtoa mada naye anasaini kwa kiwango kikubwa zaidi, na hakuna macho yaliyobaki ambayo mtu angeona haya mbele yake. Pale ambapo posho imekuwa haki ya mshahara kwa jina jingine, hapana Nanda atakayetokea, kwa kuwa hapana mtawa wa kumwita kibarua. Nasema hivi nikijua kwamba mshahara wa mtendaji wa kijiji haumtoshi. Hiyo ni hoja nyingine, na dawa yake ni mshahara.

Mpaka hapa nimezungumza kuhusu mtu na nafsi yake. Lakini sisi wa Nachingwea na Ruangwa tumerithi swali jingine, zito zaidi: nia ya mwenye nguvu juu ya ardhi ya wengine.

Shahada yangu ya uzamivu niliianza kwa sababu chuoni cheo hakipandi bila hiyo. Nilichagua kuandika juu ya Mpango wa Karanga kwa kuwa nyaraka zipo na nyumbani ni karibu. Mwaka wa tatu, nikizungumza na wazee waliokuwa vibarua wa mpango ule, ndipo nilipojikuta siwezi kuiacha mada hata kama ningepewa cheo siku hiyohiyo. Nalitaja jambo hili kama ushahidi, kwa kuwa nafsi iliyo karibu nami kwa uchunguzi ni hii moja.

Habari za mpango ule ni hizi, kwa wale ambao hawazijui. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyo chini ya Unilever, alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mitambo. Serikali ya London ikakubali: ekari 3,210,000 zifyekwe, kwa gharama ya pauni milioni 25, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nia haikufichwa sana. Majarida ya serikali yalizungumzia pia maendeleo ya Waafrika, lakini hakuna aliyekuwa na shaka kwamba sahani iliyokuwa mezani ilikuwa ya Mwingereza. Matrekta yaliyotoka vitani yakaletwa, udongo ukayashinda, mvua ikawaumbua wataalamu, na mwezi Januari 1951 mpango ukafutwa pamoja na takribani pauni milioni 36. Eneo lililofyekwa halikufikia hata sehemu ya kumi ya lile lililokusudiwa.

Lakini ili kuzitoa karanga za Nachingwea ilijengwa bandari yenye kina kirefu Mtwara, na reli ya kuifikia. Karanga hazikupatikana za kuijaza. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wazee wetu hadi leo wanaweza kukuonyesha tuta ilipopita. Bandari ikabaki, na korosho za mjomba wangu hupitia hapo. Mmoja wa wazee niliowahoji alifundishwa udereva na ufundi wa injini kwenye mpango ule, na ulipokufa akaendesha malori ya kubeba korosho kwa miaka mingi. Alisema Wazungu walimfundisha kwa sababu madereva wao walikuwa wakiugua malaria.

Na yapo makubwa zaidi. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na vita vya kuikomboa Msumbiji vikaanza Septemba 1964. Wapiganaji walihitaji mahali pa kufunzwa, na Tanzania ikawapa Kongwa, kisha Nachingwea. Shamba namba 17 la mpango wa karanga, ambalo watu wetu hawajawahi kuliita jina lingine isipokuwa Farm 17, likawa kambi kuu ambayo Samora Machel aliiongoza. Mashamba yaliyofyekwa kwa ajili ya siagi ya London yakafundisha jeshi lililouvunja utawala wa Kireno. Leo ipo shule ya sekondari yenye jina hilohilo.

Je, basi nia chafu ilizaa tunda jema? Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wangu wanaharakati wasikubali haraka. Kuna hoja inayopendwa siku hizi, kwamba ukoloni ulituachia reli na bandari, kwa hiyo tusiangalie walitaka nini, tuangalie walichoacha. Hoja hiyo inamnyang'anya mtendaji wa kweli kitendo chake. Aliyeigeuza Farm 17 kuwa kambi hakuwa Samuel wala waziri wa chakula wa Uingereza. Ni watu wengine, kwa nia nyingine, miaka zaidi ya kumi baadaye, walioyakuta majengo na uwanda ulio wazi wakaamua vitumike kwa ajili ya nini. Kwa lugha ya Kibudha, kusudio la kwanza lilizaa matokeo yake na yakaisha mwaka 1951: hasara na aibu. Kambi ni kusudio jipya. Kala ni mtu mmoja aliyebadilika ndani. Nachingwea ni ardhi moja iliyobadilishwa mikono. Tukivichanganya hivi viwili tutajikuta tunamshukuru mwizi kwa ngazi aliyoisahau ukutani.

Kuna upande mwingine ambao sisi tunaoijivunia Nachingwea huupita kimya. Mwaka 1975, wiki chache kabla ya uhuru wa Msumbiji, katika kambi hiyohiyo, wapinzani wa FRELIMO waliokamatwa walipangwa mbele ya hadhara na kutakiwa kusoma maungamo yao. Alikuwapo Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa chama hicho. Alikuwapo Lázaro Nkavandame, alikuwapo Joana Simeão. Baadaye waliuawa nchini Msumbiji bila kesi ya wazi. Waliofanya hivyo hawakuwa watu wa siagi. Walikuwa watu waliolala porini, waliokula kidogo, walioacha familia; kama nia ingepimwa kwa mizani, ya kwao ilikuwa nzito kuliko ya wengi wetu. Na huenda uzito huo ndio uliowafanya wamwone kila aliyepingana nao kuwa ni najisi. Ninapomsoma Devadatta na kanuni zake tano namwona mtu mmoja mwenye hila. Ninaposoma habari za Nachingwea 1975 naona jambo linaloniogofya zaidi, yaani watu waliokuwa wakweli.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba nia haina maana, tazama matokeo. Wala na wale wanaotaka tumchunguze kila mtu moyo kabla hatujampokea mchango wake wa mabati. Mchango wa mabati wa mgombea upokelewe, mradi mabati yameingia kwenye hesabu za shule, yamesomwa mkutanoni, na hakuna anayepaswa kumpigia magoti kwa ajili yake. Akitaka sifa apewe sifa. Ndiyo posho yake. Kama shughuli ya kuwahudumia watu itamgeuza, vema. Kama haitamgeuza, watoto hawanyeshewi.

Sasa Ruangwa tuna madini ya kinywe. Dunia inayataka kwa ajili ya betri za magari ya umeme, na wanaoyachimba wanasema wanakuja kutuletea maendeleo na kuisaidia sayari. Inawezekana. Watu wa 1946 nao walikuwa na sayari yao ya kuiokoa. Mimi sina haja ya kujua kilicho moyoni mwa mwekezaji, na kwa kweli sina njia ya kukijua. Lakini Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, ina kifungu cha 105 kinachomtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, ukubaliwe pamoja na serikali ya mtaa, na kinaitaka halmashauri iandae mwongozo, isimamie utekelezaji, na iwaeleze wananchi juu ya miradi hiyo. Hiyo ni sarafu ya pili ya Anathapindika: hulipwi mpaka uuseme ubeti. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba kuna mtu wa kumsikiliza anapousema.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa nyumbani, mwenye shahada na asiye na ajira, alinipigia simu akiuliza kama wanakijiji wanaweza kudai kusomewa mpango huo mkutanoni, au ni siri ya halmashauri. Nilimtumia kifungu kizima kwa simu. Akaniuliza pia, kwa tahadhari, kama wanaohudhuria mkutano huo watapewa chochote, maana bila hivyo wazee hawatatoka mashambani msimu huu wa ufuta. Nilimwambia apike uji.